Wiki 12 kwenye kidato cha ngazi: maoni yangu kuhusu kliniki iliyotibu kano ya kisigino changu

Nianze na kipimo, maana hapo ndipo nilipojua kwamba safari hii nimefika kwa fizio, yaani mtaalamu wa kutibu misuli na viungo kwa mazoezi, anayeijua kazi yake.

Alinivua raba na soksi, akanisimamisha nikitazama ukuta, ncha za vidole viwili vya kila mkono zikiugusa ili nisipepesuke tu, nisijiinulie. Mguu wa kulia nikaukunja nyuma. Nikajinyanyua juu ya vidole vya mguu wa kushoto mpaka mwisho, naye akabandika kipande cha plasta nyeupe ukutani usawa wa utosi wangu. "Kila ukipanda ufike hapa, mama. Usipofika sihesabu. Na goti lisikunjike." Simu yake ikaanza kupiga tik, tik, nami nikawa napanda na kushuka kwa mdundo huo. Kushoto nilifika 27. Tukabadilisha. Kulia, mguu ulionipeleka pale, nilifika 9. Ya 10 utosi uliishia chini ya plasta. Ya 11 kisigino kilitetemeka, kikabaki sakafuni. Akaandika kwenye kadi yangu: kushoto 27, kulia 9.

Nilikaa kwenye kitanda cha uchunguzi nikaitazama ile kadi kwa muda. Miezi mitatu nilikuwa nauguza kisigino, nimeshatoa fedha nyingi, na hakuna mtu aliyewahi kunihesabia kitu chochote.

Mimi nauza vitenge hapa Moshi, nina miaka 46, na huu ni mwaka wa saba nakimbia na kikundi chetu cha jogging. Tunakutana alfajiri saa 11 kwenye kipilefti cha YMCA, tunapanda Shanty Town chini ya ile miti mikubwa, na Jumamosi tunakwenda mpaka msitu wa Rau. Kila mwisho wa Februari huwa nakimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Wanaoijua njia hiyo wanajua kwamba nusu ya kwanza ni kupanda kuelekea Mweka, na mlima hukamua kigimbi kuliko kitu kingine chochote. Mwaka juzi nilitaka kupunguza muda wangu, basi mwezi wa 10 nikaanza kukimbia mlima mara tatu kwa wiki badala ya mara moja. Wiki ya tatu tu, nikishuka kitandani asubuhi kisigino cha kulia kimekakamaa. Hatua ishirini za kwanza nilitembea nimeshika ukuta. Baadaye kinalegea, naenda dukani vizuri, jioni nikikaa kisha nikisimama kinarudi vilevile. Ukiibana kano kwa vidole viwili, juu kidogo ya kisigino, ilikuwa imenenepa kama ina punje ya harage ndani.

Kwa wasioielewa kano: ni ile nyeupe inayoteleza kwenye supu ya makongoro. Ya kisigino, ambayo wataalamu wanaiita kano ya Achilles, ndiyo nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini. Inaunganisha kigimbi na mfupa wa kisigino, na mtu akikimbia inavutwa kwa nguvu ya mara 6 hadi 8 ya uzito wa mwili wake. Mimi nina kilo 71. Hesabu mwenyewe ni mzigo kiasi gani kwa kila hatua, na kilomita 21 zina hatua ngapi.

Mahali pa kwanza nilipokwenda sitapataja. Nililipa 200,000 kwa mkupuo, mara 10 za matibabu, malipo kabla ya huduma. Nalala kifudifudi, napakwa jeli, mashine inapitishwa kwenye kisigino dakika kumi, kisha nachuliwa dakika kumi, basi, kwa heri, uje Alhamisi. Niliambiwa nisikimbie kabisa. Kuchuliwa kulikuwa kutamu, sitasema uongo, natoka pale nimelegea. Kesho yake asubuhi nashika ukuta kama kawaida. Hakuna aliyeniuliza nakimbia kilomita ngapi, wala nataka kurudi kufanya nini. Nilipofika mara ya saba niliomba nirudishiwe fedha zilizobaki, nikaambiwa haiwezekani. Liliniuma hilo, na bado linaniuma, kwa sababu 60,000 kwa mtu wa vitenge ni faida ya siku kadhaa.

Huyu wa pili nilielekezwa na mwalimu mmoja wa kikundi chetu aliyewahi kuteguka goti. Jina la kliniki siliandiki kwa kuwa mwenyewe aliniomba: yuko peke yake na miadi yake tayari inajaa wiki tatu mbele. Ni kijana, hajafika thelathini na tano, alisoma fiziotherapia hapahapa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC. Siku ya kwanza nikamwita dokta. Akasema, "Shikamoo mama. Mimi si daktari, mimi ni fizio, na nikiona jambo la daktari nitakutuma kwake siku hiyohiyo." Nikaitikia marahaba, na tangu hapo namwita fizio.

Saa nzima ya kwanza hakunishika mguu. Aliuliza. Nakimbia wapi, raba zina muda gani, dukani nasimama au nakaa, ndala gani navaa nyumbani, baba au mama ana kisukari, hedhi inakwendaje. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea kabisa: "Miezi ya karibuni umemeza sipro?"

Nilikuwa nimemeza. Mwezi wa 9 nilipata UTI nikaenda duka la dawa nikanunua ciprofloxacin bila cheti, kama tunavyofanya wengi wetu. Akanieleza kwamba dawa za kundi hilo zinajulikana kuumiza kano na hata kuikata, na inayoguswa zaidi ni hii ya kisigino. Mwaka 2008 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliagiza ziwekewe onyo la ndani ya kisanduku cheusi, ambalo ndilo onyo kali kuliko yote wanayoyaweka kwenye dawa. Hatari inaongezeka kwa mwenye miaka zaidi ya 60, kwa anayetumia dawa za steroid, na kwa aliyepandikizwa figo, moyo au mapafu. Hakusema ndiyo iliyoniumiza. Alisema hawezi kujua, na kwamba ile milima niliyoirundika ndani ya wiki tatu inatosha peke yake. Ila aliandika kwenye kadi kwa wino mwekundu, akaniambia kila nitakapokwenda kwa daktari niseme kwamba nina kano mbovu ili nipewe dawa nyingine ikiwepo. Nawaomba sana mnaosoma: sipro si panadoli. Kama umeandikiwa na daktari usiiache kwa maneno yangu, lakini usijinunulie tu dukani, na ukiimeza kisha kisigino kikaanza kuuma, rudi kwa daktari haraka.

Baada ya maswali ndipo akashika. Alitembeza kidole gumba kutoka mfupa wa kisigino kwenda juu, polepole, sentimita kwa sentimita, akiniangalia usoni. Kwenye mfupa sikuumia. Kama sentimita nne juu niliruka. Akatia alama kwa kalamu. Nilimuuliza sentimita nne zina umuhimu gani, akatoa faili lake.

Hili faili ndilo linalonifanya niandike maoni haya marefu. Ana karatasi alizochapisha, tafiti za madaktari na mafizio, zimepigiwa mistari, pembeni ameandika kwa Kiswahili. Akaniwekea mezani karatasi ya Waswidi ya mwaka 2003. Walichukua watu wenye maumivu katikati ya kano na watu wenye maumivu pale inapojishikiza kwenye mfupa, wakawapa wote zoezi lilelile la kushusha kisigino kwa wiki 12. Wale wa katikati, kano 89 katika kila 100 zilipata nafuu ya kuridhisha. Wale wa kwenye mfupa, 32 tu katika kila 100. "Kwa hiyo mama, kidole changu kikikosea sentimita tatu, nakupa dawa ya mtu mwingine." Wenye maumivu ya mfupani huwa wanaambiwa wasishushe kisigino chini ya usawa wa sakafu, kwa kuwa huko chini kano inabanwa dhidi ya mfupa. Mimi nilikuwa wa katikati.

Zoezi lenyewe limetoka kwa daktari bingwa wa mifupa wa mji wa Umeå, Uswidi, anaitwa Håkan Alfredson. Kisa chake husimuliwa hivi. Alikuwa mkimbiaji, kano yake ikamuuma miaka, akamwomba mkuu wake ampasue. Mkuu akakataa. Alfredson akaona heri aiharibu mwenyewe mpaka wakubali kumpasua, akaanza kuibebesha mzigo mzito kila siku, anashusha kisigino kwa nguvu kwenye maumivu yenyewe. Badala ya kukatika, ikapona. Mwaka 1998 akachapisha utafiti wa wakimbiaji wa kawaida 15, wastani wa umri miaka 44, watu waliokuwa wameumwa muda mrefu na kushindwa kwa raba mpya, dawa na mapumziko. Baada ya wiki 12 wote 15 walikuwa wamerudi kwenye mbio zao. Fizio aliniambia wazi kwamba watu 15 ni wachache, na tafiti zilizofuata hazikupata mafanikio ya wote kwa wote, hasa kwa watu wasiofanya mazoezi. Nilimpenda kwa hilo. Hakuniahidi kitu ambacho karatasi yake haikuahidi.

Maelekezo ni haya, nayaandika kama nilivyoyafanya. Simama kwenye ukingo wa kidato, sehemu ya mbele ya mguu tu ikiwa imekanyaga, visigino vinaning'inia. Panda kwa miguu yote miwili. Hamishia uzito wote kwenye mguu unaouma, kisha shuka nao polepole mpaka kisigino kiwe chini ya ukingo. Usipande tena kwa mguu huo, rudi juu kwa ule mzima. Mara 15, pumzika, mara 15, pumzika, mara 15, goti limenyooka. Kisha 15 mara tatu nyingine, goti limekunjwa kidogo, ili misuli ya ndani ya kigimbi nayo ifanye kazi. Asubuhi na jioni. Ni mara 180 kwa siku, siku 7 za wiki. Ikizoea na maumivu yakapungua, ongeza mzigo.

Kidato changu ni cha mlango wa nyuma wa duka, zege lililomegeka pembeni. Saa 12 na robo asubuhi, kabla sijafungua, navaa begi la shule la mwanangu mgongoni, nashika nondo za dirisha. Wiki ya kwanza begi lilikuwa tupu. Wiki ya tatu niliweka mchele kilo 3, ya tano kilo 5, ya nane kilo 10, na kamba za begi zikaanza kuachia nyuzi. Kila seti ya 15 naweka punje ya mahindi kwenye kopo. Unashuka na unaisikia kano inavutika kama kamba mbichi, maumivu yanakuja polepole, yanafika mahali, yanasimama. Mara ya kwanza niliogopa sana. Niliacha seti ya pili, nikampigia simu, hakupokea, akanijibu saa nne baadaye kwa ujumbe: "Ni ngapi katika kumi?" Nikasema 4. "Endelea. Ikipita 5 punguza. Na kesho asubuhi niambie imeamkaje."

Hiyo kanuni ya 5 nayo ina karatasi yake, ya mwaka 2007, Waswidi tena, wa Gothenburg. Wagonjwa 38 waligawanywa. Nusu waliambiwa waache kukimbia na kuruka kwa wiki 6, nusu waliruhusiwa kuendelea ilimradi maumivu yasizidi 5 katika 10, yawe yametulia asubuhi inayofuata, na wiki isiwe mbaya kuliko wiki iliyopita. Wote walifanya mazoezi ya kano. Mwisho hawakutofautiana. Walioendelea kukimbia hawakudhurika. Nilipoelezwa hivyo nilitokwa na machozi, sioni haya kuandika. Miezi miwili nilikuwa nimekaa nyumbani kila alfajiri nikisikia wenzangu wanapita barabarani, kwa sababu niliambiwa hatua moja tu itakata kano.

Alinianzisha na dakika moja kukimbia, mbili kutembea, mara nane, kwenye tambarare, siku moja ndiyo, moja hapana. Mlima alinikataza wiki 8.

Hapa niseme kasoro, kwa kuwa zipo. Kliniki iko ghorofa ya pili na ngazi zake ni kali, hazina kishikio upande mmoja. Siku moja nilimkuta mzee aliyepooza upande anabebwa na vijana wawili kupandishwa. Nilimweleza fizio kwamba hilo halifai kwa huduma kama hii, akakubali, akasema kodi ya chini imemshinda. Wazee wengine huwafuata nyumbani. Bima hapokei, taslimu au simu. Pazia la kubadilishia nguo ni fupi, akina mama mjiandae. Na simu hapokei akiwa na mgonjwa, jambo ambalo mwanzoni lilinikera mpaka nilipokuwa mimi ndiye mgonjwa aliyeko ndani.

Kasoro kubwa zaidi ni yangu na yake pamoja. Aliponipa zoezi hili aliniambia lipo jingine: jimu, mara tatu kwa wiki, uzito mkubwa, kupanda na kushuka taratibu sana. Wadenmark mwaka 2015 waliyapima hayo mawili kwa watu 58. Kupona kulikuwa sawa, lakini wa kidato walitumia wastani wa dakika 308 kwa wiki, wa jimu dakika 107. Na wa jimu walifanya mazoezi 92 katika kila 100 waliyopangiwa, wa kidato 78. Alinieleza hayo upesi mno, mwisho mwisho wa miadi, mtu mwingine anabisha mlango, nami nikachagua kidato kwa kuwa hakina ada. Sasa naona nilikosea. Dakika 308 ni saa tano na zaidi kila wiki. Ukiwa na duka, watoto wawili shuleni, na mama mkwe anayehitaji kupelekwa kliniki yake ya presha, saa tano zinatoka kwenye usingizi. Mara 180 kwa siku 84 ni 15,120. Kwenye daftari langu nilikosa siku 9, kwa hiyo nilifanya 13,500. Zipo siku nilifanya za jioni saa 5 usiku, tochi ya simu imewekwa juu ya debe. Ningekuwa naanza leo ningelipa jimu.

Kulikuwa na wiki ya tano pia ambayo karibu niache. Kipimo kilikuwa 9, wiki ya tano kikawa 11. Mbili tu! Wifi yangu wa Dar alikuwa amenipigia simu kwamba kuna sindano, unatolewa damu yako mwenyewe, inazungushwa kwenye mashine, sehemu yenye chembe za kugandisha damu inachomwa ndani ya kano. Bei aliyotajiwa ilikuwa kubwa kuliko mtaji wangu wa mwezi. Nilikwenda kwa fizio nimeshaamua. Hakubishana nami. Alifungua faili: Uholanzi, 2010, watu 54 wenye tatizo kama langu, wote wakifanya zoezi la kushusha kisigino, nusu wakachomwa hiyo ya damu na nusu wakachomwa maji ya chumvi bila kujua nani kapewa nini. Baada ya wiki 24 hapakuwa na tofauti. "Mama, wote walipata nafuu. Na wote walikuwa wanashusha kisigino." Kisha akanikumbusha kwamba kano haipati damu nyingi kama msuli, inajijenga kwa miezi, wala si kwa siku. Akaniuliza asubuhi nashika ukuta hatua ngapi. Nikafikiri. Zilikuwa zimebaki tano. Sikuwa nimeona.

Nilirudi kwenye kidato changu.

Wiki ya 8 kipimo kilikuwa 17. Wiki ya 12, mwezi wa 4, kilikuwa 22, na kushoto 28. Harage bado lipo nikiibana, dogo zaidi. Alinieleza kwamba unene unaweza kubaki muda mrefu hata maumivu yakiisha, nisiusumbukie. Hakunifukuza siku hiyo kwa kuwa wiki zimetimia. Alisema 22 kwa 28 haijatosha kupanda Mweka kwa kasi, nikaendelea mara tatu kwa wiki na uzito, na kuanza kurukaruka kidogo kidogo, kamba ya watoto, mara 20, kisha 40.

Mbio za Februari ya mwaka jana, nikiwa bado kwenye zile wiki 12, sikukimbia. Nilisimama barabara ya Mweka nikigawa maji na kina mama wa kikundi, na kila aliyepita namjua nilimtazama miguu tu.

Za Februari hii nilikimbia. Saa 2 na dakika 31, polepole kuliko nilivyowahi, na niliteremka kutoka Mweka nikisikiliza kisigino kila hatua. Maumivu yalifika 2. Jumatatu asubuhi nilishuka kitandani nikaenda moja kwa moja kuwasha jiko, na nilipokuwa nimeshika kiberiti ndipo nikakumbuka kwamba sikushika ukuta.

Gharama, kwa mnaouliza: miadi ya kwanza 40,000, zilizofuata 25,000. Nilikwenda mara sita katika miezi minne, jumla 165,000. Mara ya mwisho nilitaka kuongeza, alikataa, akasema kazi nimeifanya mwenyewe kwenye kidato. Hauzi dawa wala mafuta. Kuchua anachua dakika tano kama kigimbi kimekaza sana, na anakwambia hiyo ni ya kukutuliza tu.

Mkienda kwa fizio yeyote, huyu au mwingine, nendeni na raba zilezile mnazokimbilia, hata kama ni chafu, na kaptula chini ya dera. Andikeni kwenye karatasi dawa zote mlizomeza miezi sita iliyopita, pamoja na za duka la dawa. Na kama kano ililia pa! kama mtu amekupiga teke kwa nyuma, na sasa huwezi kusimama kwa vidole vya mguu huo, usitafute fizio wala kidato. Hiyo inaweza kuwa imekatika. Nenda hospitali leo.